Lenzi ya Kuketi Nayo Mkekani

Katika kumbi nyingi za harusi hapa Dar es Salaam, heshima ya mpiga picha hupimwa kwa urefu wa lenzi. Akiingia kijana aliyening'iniza lenzi nyeupe nene inayofika kiunoni, kamati inatulia, inaona pesa haijapotea. Akiingia mwenzake na kamera ndogo, lenzi yake haizidi upana wa vidole viwili, mtu wa kamati atamsogelea na kumuuliza kwa upole kama vifaa vingine viko njiani.

Kipimo hicho kinafaa kwa mambo machache, na picha za kushtukiza si mojawapo. Nazungumzia zile picha za watu ambao hawakujipanga: mama mkubwa anayecheka hadi ushungi umemponyoka, wazee wawili wanaonong'onezana kuhusu bei ya ng'ombe, mtoto aliyepitiwa na usingizi katikati ya mikoba ya wageni. Wengi hudhani picha hizi hupatikana kwa kujificha mbali na kuwavuta watu kwa lenzi ndefu. Ndani ya nyumba mambo huwa kinyume chake. Unazipata ukiwa umeketi nao, kiasi kwamba wamechoka kukuangalia. Kwa hiyo lenzi ya kununua ni ile inayokuruhusu kuketi hapo.

Tuichukue shughuli ambayo karibu kila familia inaijua: siku ya kuleta posa au mahari, tuseme katika sebule ya Tabata. Makochi yamesukumwa ukutani, mikeka imetandikwa katikati, viti vya plastiki vya kukodi vimeziba mlango wa jikoni. Wenyeji upande huu, wageni na mshenga wao upande ule. Mapazia yamefungwa kwa sababu ya jua la saa tisa, na mwanga wote unatoka kwenye taa mbili za LED zilizo darini. Watu ni wengi, nafasi ya kutembea haipo. Na mambo hutokea haraka. Wanaletwa mabinti waliofunikwa kanga gubigubi, kijana aambiwe amtambue wake. Anaonyesha, kanga inafunuliwa, kumbe ni dada wa jirani. Sura ya yule kijana katika nusu sekunde ile ndiyo picha ya siku, na hakuna atakayemwambia airudie.

Anza kwa kupima chumba. Kwa kamera yenye sensa kubwa, ile inayolingana na kipande cha filamu ya zamani cha milimita 36 kwa 24, ukisimama mita 3 kutoka kwenye kochi, lenzi ya milimita 50 inaona upana wa mita 2 na kidogo. Kochi la watu watatu linaingia, lakini shangazi aliyekaa kwenye mkono wa kochi anabaki nje. Lenzi ya milimita 35 inaona mita 3, kochi na majirani zake. Ile ya 85 inaona mita 1 na robo tu, yaani mtu mmoja na bega la mwenzake. Ukitaka kochi lote kwa 85, itabidi urudi nyuma hadi karibu mita 5, na katika sebule ya Tabata mita ya 5 iko kwa jirani.

Wengi wetu hata hivyo hatuna kamera ya sensa kubwa. Kamera zinazouzwa kwa wanaoanza zina sensa ndogo inayokata kingo za picha, kwa hiyo milimita za lenzi hufanya kazi kana kwamba umezizidisha kwa 1.5 kwenye Nikon, Sony na Fujifilm, na kwa 1.6 kwenye Canon. Lenzi ya 50 inageuka kuwa kama ya 75 au 80. Pale pale mita 3 kutoka kwenye kochi, sasa inaona kama mita 1.4.

Hapo ndipo ushauri maarufu kuliko yote, "anza na hamsini", unapomwangusha mtu. Ni ushauri wenye sababu zake. Canon wamekuwa wakiuza lenzi ya 50mm f/1.8 ya bei nafuu angalau tangu mwaka 1987, wakatoa toleo jipya mwaka 1990 na tena mwaka 2015, na hili la 2015 lina uzito wa gramu 160 hivi. Inapitisha mwanga mwingi, inatoa sura safi, na bei yake haimtishi mwanafunzi wa chuo. Lakini ukiifunga kwenye kamera ya sensa ndogo na kuingia nayo sebuleni, utarudi nyumbani na vichwa. Vichwa vizuri, vyenye macho makali na ukungu wa kupendeza nyuma yake, ila hutajua binti alikuwa anacheka nini, wala nani alikuwa ameshika bahasha. Picha ya shughuli inahitaji uso mmoja pamoja na kile kinachousababisha uso ule.

Basi kwa kamera ya sensa kubwa ningechukua 35mm. Kwa sensa ndogo, 23 au 24, ambazo zinaangukia karibu na hapo hapo. Canon wana 24mm f/2.8 ya mwaka 2014, bapa, unene wake haufiki sentimita 2.5, gramu 125. Mtu akiiona kwenye kamera haoni silaha. Fujifilm wana 23mm f/2. Wenye Nikon za sensa ndogo wamezoea 35mm f/1.8 iliyotoka mwaka 2009, ambayo kwao inaona kama 52. Inabana kidogo, ila bado inafanya kazi kuliko hamsini.

Kwa nini nisiende upana zaidi, 16 au 18, nimmeze kila mtu? Kwa sababu lenzi pana huvuta vilivyo pembeni. Aliyekaa ukingoni mwa picha anapanuliwa kichwa na tumbo, na mara nyingi anayekaa ukingoni ni shangazi, ambaye ndiye atakayeomba picha zote azione kwanza. Simu nazo ni hivyo: lenzi kuu ya simu nyingi inaona kama 24 hadi 26, na ukiisogeza usoni mwa mtu pua inatangulia.

Sasa mwanga. Kila lenzi ina tundu, na namba ile ya f ni milimita za lenzi zilizogawanywa kwa kipenyo cha tundu hilo. Lenzi ya 50 kwenye f/2 ina tundu la milimita 25. Namba ikipungua, tundu linakua. Lenzi inayokuja na kamera dukani, ile ya 18 hadi 55, huandikwa f/3.5-5.6, maana yake ukiivuta hadi mwisho tundu lake haliwezi kuzidi f/5.6. Tofauti kati ya f/5.6 na f/1.8 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa mwanga ni karibu mara 10.

Katika sebule yetu yenye taa mbili, ukipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200, lenzi ya f/5.6 inaweza kukulazimisha ushushe kasi ya shata hadi 1/30 ya sekunde. Kwa 1/30, mkono wa mjomba anayehesabu noti unakuwa moshi. Kwa f/1.8, mwanga ule ule unakupa karibu 1/300, na noti zinasomeka. Binafsi naona 1/125 ndiyo sakafu kwa watu wanaozungumza, na wakianza kucheza nataka 1/250 au zaidi. Muuzaji atakuambia lenzi yake ina kitulizi cha mtikisiko, kwa hiyo hata 1/15 inatosha. Kitulizi kinatuliza mkono wako wewe. Mjomba hakimhusu.

Tundu kubwa lina gharama yake nyingine, nayo ni kina cha sehemu inayoonekana vizuri. Kwa 50mm f/1.8 kwenye sensa kubwa, ukimlenga mtu aliye mita 1.5 mbele yako, eneo lililo kali ni kama sentimita 10 tu kutoka mbele hadi nyuma. Kwa 85mm f/1.8 ukiwa mita 2, ni kama sentimita 6. Mtu akiinama kupokea kikombe cha chai, ameshatoka. Wazee watatu kwenye kochi moja hawakai mstari mmoja hata siku moja. Mmoja ameegemea, mmoja ameinamia fimbo, mmoja anamtafuta mjukuu. Ukiwapiga kwa f/1.8 utapata mzee mmoja na vivuli viwili. Hapa tena 35 inasaidia: kwa f/2.8 ukiwa mita 2.5, kina kinafika kama sentimita 85, na wazee wote watatu wanapona. Ndiyo maana sihangaiki sana na lenzi za f/1.2 zinazosifiwa na wenye pesa. Kwa picha za sebuleni, f/1.8 au f/2 inatosha, na mara nyingi utaifunga kidogo.

Msomaji atauliza, flashi ipo kwa kazi gani? Katika nyumba yenye dari jeupe la jipsamu, flashi iliyoelekezwa juu inaleta mwanga mzuri kabisa, na kwa picha za familia kujipanga mstari ningeitumia bila kusita. Ubaya wake si mwanga. Ubaya ni kwamba baada ya ule mmweko wa kwanza, chumba kizima kimejua. Ushungi unarekebishwa, tumbo linaingizwa ndani, kijana wa pembeni anatoa vidole viwili. Kuanzia hapo unapiga picha za watu wanaopigwa picha. Na katika ukumbi ambako dari limefunikwa vitambaa vya zambarau, mwanga unaorudi utakuwa wa zambarau vilevile.

Taa za LED zina ujanja wao pia. Umeme wetu ni wa hazi 50, na taa za bei rahisi hupwesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Kamera inaona. Ukiwa na shata ya kasi, picha nyingine zinatoka na mistari ya giza, hasa ukitumia shata ya kielektroniki isiyo na sauti, ambayo inavutia sana kwa kazi ya kushtukiza kwa sababu haitoi hata mlio. Kabla shughuli haijaanza, piga picha tatu nne za ukuta mweupe. Ukiona mistari, rudi kwenye shata ya kawaida, washa kinga ya kupwesa kama kamera yako inayo, au, ikibidi, shuka hadi 1/100, chini kidogo ya ile sakafu yangu. Heri mlio mdogo kuliko bibi harusi mwenye milia ya punda.

Kuhusu zile taa za DJ za buluu na zambarau, hakuna lenzi ya kukuokoa. Subiri MC awashe taa nyeupe wakati wa ndafu.

Mmoja wa watu wa kwanza kujulikana kwa picha za kushtukiza ndani ya majumba alikuwa Mjerumani, Dk. Erich Salomon, aliyezaliwa Berlin mwaka 1886 na kusomea sheria. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alipata kamera iitwayo Ermanox, iliyotengenezwa Dresden. Kamera yenyewe ilikuwa ya taabu: ilitumia vipande vya kioo, kimoja kimoja. Lakini lenzi yake, iliyobuniwa na Ludwig Bertele, ilikuwa na tundu la f/2 na baadaye f/1.8, wakati wengine walikuwa bado wanalipua unga wa magnesi kila wanapotaka picha ndani ya nyumba. Mwaka 1928 Salomon aliingia nayo mahakamani Berlin, imefichwa ndani ya kofia. Kisha akavaa suti za kibalozi na kuanza kuhudhuria mikutano ya wakubwa wa Ulaya, akiwapiga picha mawaziri waliolegea kwenye makochi usiku wa manane. Aristide Briand wa Ufaransa alimwita mfalme wa wasio na staha, na Salomon akampiga picha akiwa anamnyooshea kidole. Wanazi walipochukua madaraka alikimbilia Uholanzi. Alikuwa Myahudi, na mwaka 1944 aliuawa Auschwitz.

Ninachokitazama kwenye picha zake ni umbali. Hakuwa nyuma ya pazia. Alikuwa ndani ya chumba, mita chache kutoka kwa mawaziri, amevaa kama wao. Lenzi yenye tundu kubwa ilimwondolea haja ya unga wa magnesi, na mavazi yakamwondolea ugeni. Sebuleni Tabata huhitaji suti ya kibalozi, unahitaji kupokea sahani ya pilau ukipewa, kumwamkia kila mzee kabla hujainua kamera, na kuketi chini. Ukiketi mkekani lenzi yako iko sawa na macho ya waliokaa. Ukisimama juu yao unawapiga utosi, na isitoshe umemziba mshenga. Piga picha nyingi mapema, za sufuria, za viatu mlangoni, za watoto, mpaka mlio wa kamera uwe sehemu ya kelele za nyumba. Baada ya nusu saa hivi hakuna atakayegeuka.

Ila staha tusiiache kwa Briand. Katika harusi za Pwani, kutoka Lamu hadi Unguja, shughuli za wanawake peke yao zina sheria inayojulikana: humo ndani mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, na mara nyingi simu na kamera huzuiwa mlangoni. Anayepiga ni mwanamke aliyekubaliwa na wenye shughuli, na picha zinabaki kwao. Kicheni pati nazo zina mafundisho na vichekesho ambavyo havikukusudiwa kutoka nje ya ukumbi. Kutojua kwamba unapigwa picha ni jambo moja, kukataa kupigwa ni jingine. Sheria nazo zimefika: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Mwaka 2023 Kamishna wa ulinzi wa data wa Kenya aliitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Kwa hiyo muulize mwenye shughuli mapema nani hataki, na zile picha za mjomba akisinzia ziende kwa mjomba kwanza, kabla hazijafika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Nisiidhulumu lenzi ndefu. Kanisani, pale padri anaposema wapiga picha wasivuke nguzo ya pili, ile 70 hadi 200 ya f/2.8 ndiyo njia pekee ya kuifikia pete, ingawa inaweza kuwa na uzito unaokaribia kilo moja na nusu na mkono utalia hadi komunyo. Katika ukumbi wa watu 400, 85 inafaa sana kwa meza kuu na kwa wale wanaokwenda kutunza. Na aliyelipwa kwa kazi hawezi kwenda na 35 peke yake. Atabeba 24 hadi 70 ya f/2.8, kwa sababu mteja anataka keki, ndafu, meza kuu na wazazi, na hakuna muda wa kubadilisha lenzi. Ninayemwandikia hapa ni yule mwanafamilia mwenye kamera, ambaye hakulipwa chochote na ndiye anayeruhusiwa kukaa popote. Nafasi hiyo mpiga picha wa kukodi hainunui kwa bei yoyote.

Wengi tutanunua za mtumba, Kariakoo au kwa mtu aliyerudi kutoka Dubai, na lenzi za mtumba katika miji ya Pwani zina adui mmoja mkubwa: kuvu. Unyevu wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar unaifaa sana. Omba tochi, ya simu inatosha, imulike lenzi kutoka upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba kama za buibui kwenye kioo cha ndani, irudishe mezani, hata bei ikishuka. Punje chache za vumbi zisikutishe, hazionekani kwenye picha. Ukishanunua, usiihifadhi kwenye mkoba wa ngozi kabatini. Iweke kwenye kasha la plastiki linaloziba vizuri pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya. Na siku ya shughuli, ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, iache lenzi mkobani dakika 20 ipate joto. Ukiitoa mara moja itajaa mvuke, na ukiupangusa kwa kanga unarudi tena.

Mwenye Nikon awe makini zaidi ya wote. Kamera zake ndogo, zile za D3000 na D5000 na ndugu zao waliofuata kama D3400 na D5600, hazina mota ya kuzungusha lenzi za zamani. Mezani kutakuwa na 50mm na 35mm za aina iitwayo AF-D, rahisi na nzuri, na zitaingia kwenye kamera bila shida, lakini itabidi uzungushe kwa mkono kila unapolenga, kazi isiyowezekana wakati kanga inafunuliwa. Tafuta zilizoandikwa AF-S. Nenda na kamera yako dukani, ifunge lenzi hapo hapo, mlenge muuzaji akiwa anahesabu pesa za mteja mwingine, halafu kuza picha kwenye kioo uangalie kama macho yake yametoka makali.